Vipindi 12 kwa Kitenzi Kimoja: Tathmini ya Darasa la Jioni la Kiingereza, Kibokoni

Kibokoni, katika ghorofa ya kwanza ya nyumba kongwe ambayo chini yake pana duka la vitambaa, kuna chumba ambamo watu wazima 14 hukutana kila Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya Isha kusoma Kiingereza. Mwalimu ni mama aliyefundisha shule za upili kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Ameniomba nisitaje jina lake wala jina la darasa, kwa kuwa viti ni vichache na hapendi kumrudisha mtu mlangoni, na ombi hilo nitaliheshimu. Ninachotaka kukitathmini ni mafunzo yenyewe, na hasa mtindo wake ambao sijakutana nao kwingine hapa Mombasa: mkondo mzima wa vipindi 12, kila kipindi saa moja na nusu, hutumiwa kwa kitenzi kimoja tu. Kitenzi cha mkondo nilioumaliza mwezi uliopita kilikuwa "charge".

Niliowaeleza walishangaa, na mshangao wao una sababu. Neno hili tunalo mdomoni kutwa kucha, tena tumekwisha kulipa uraia: simu huisha chaji, kibanda cha jirani huchaji simu, chaja huazimwa na hairudi, na abiria anaposhuka matatu hulalamika kwamba amechajiwa nauli ya mvua ilhali jua linawaka. Kwa nini basi mtu mzima alipe shilingi 250 kwa kila kipindi ili afundishwe jambo analolijua? Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na "charge" ni neno ninaloliandika kwenye hati za madai kila siku ya kazi, kwa hiyo swali hilo lilinihusu kuliko wengi. Nilijiunga kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulitafsiri neno hilo vibaya, na kosa langu lilikuwa limemgharimu mtu.

Jirani yangu wa Likoni, mama mtu mzima anayemlea mtoto wa marehemu dada yake, alinijia jioni moja akiwa na barua ameikunja na kuifunga katika pindo la leso. Kijana wake alikuwa amekamatwa katika msako wa usiku, akalala kituoni, kisha akarejea nyumbani asijue kueleza vizuri ameachiliwaje. Wakili aliyefuatilia jambo lile ndiye aliyeandika barua, kwa Kiingereza. "Mwanangu, hebu nisomee. Yasemaje hii?" Niliisoma upesi, nikafika kwenye maneno "released without charge", nikamwambia kwamba kijana ameachiliwa bila malipo. Katika ofisi yangu "without charge" haina maana nyingine: ni huduma isiyodaiwa pesa. Mama alimshukuru Mungu kwamba hakuna dhamana ya kulipwa, lakini alichoelewa ni kwamba kesi ingalipo. Kwa majuma matatu alivuka feri mara nne kwenda kuuliza katika masijala ya mahakama kesi ya mwanawe itasikizwa lini. Kila mara aliambiwa kwamba hakuna faili ya jina hilo, naye akawa na hakika kwamba faili imefichwa. Siku aliponieleza hayo alikuwa ameuza bangili zake mbili ili aweke pesa za wakili. Barua ilikuwa imesema wazi, tangu siku ya kwanza, kwamba kijana hakufunguliwa mashtaka yoyote.

Niliingia darasani nikiwa na jambo hilo kifuani.

Kipindi cha kwanza mwalimu hakuandika chochote ubaoni. Alituita sote dirishani. Chini, chini ya taa ya duka, palikuwa na mkokoteni wa maji umeegeshwa, na kijana mmoja alikuwa akiupanga mitungi. Mitungi ya lita 20 aliiweka kwanza ile ya katikati, juu ya ekseli, kisha ya mbele, kisha ya nyuma, akisimama kila mara kushika mipini na kuupima mkokoteni kama umeelemea upande. Mtungi wa mwisho, wa 20, aliutia mahali palipobaki wazi, akaufunga mzigo wote kwa mpira mweusi wa tairi. Mwalimu alituuliza anafanya nini. Tukajibu kwamba anapakia maji. Akasema: "Lishikeni hilo, wanangu. Neno letu lote limo mle, na majuma sita haya hatutatoka nje ya mkokoteni ule."

Aliyoyafuatisha ndiyo yaliyonifanya nirudi Alhamisi. Wagauli, watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, walikuwa na gari la magurudumu waliloliita "karros". Warumi walilichukua jina hilo wakalifanya "carrus". Julius Caesar anapoeleza vita vyake vya mwaka 58 kabla ya Kristo, husimulia jinsi Wahelvetii, kabila la nchi ambayo leo ni Uswisi, walivyojiandaa kuhama nchi yao kwa kununua magari ya aina hiyo mengi kadiri walivyoweza kuyapata, na neno analolitumia ni hilo hilo. Katika Kilatini cha zama za baadaye likazaliwa tendo, "carricare", yaani kupakia gari mzigo. Kifaransa cha kale kikalilainisha likawa "chargier". Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na ya mahakama huko kwa karne kadhaa, na ndiyo njia neno hili lilikopitia. Kufikia karne ya 13 limo katika Kiingereza, na kazi yake ya kwanza ni ile ile ya kijana wa maji: kupakia, kujaza, kutwika.

Ndugu zake wametapakaa. "Carry", kubeba, limetoka kwenye shina hilo hilo kwa njia ya lahaja ya Normandi iliyohifadhi sauti ya "k", ilhali "charge" limepita kwenye lahaja zilizoigeuza sauti hiyo. "Cargo" Waingereza walilichukua kwa Wahispania. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha hapa Mombasa mwezi wa Aprili 1498, husema "carregar" kwa maana ya kupakia, na leo wazao wao hulitumia hilo hilo kwa kuchaji simu. Hata "caricature", mchoro wa kumkejeli mtu kwa kumkuza pua au masikio, ni neno la Kiitaliano lenye maana ya kupakia kupita kiasi, kama mkokoteni uliozidishiwa mitungi. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama "gari" letu nalo limetoka kwenye "car". Mwalimu alilikata swali hilo palepale: "gari" tumelipata kwa Wahindi, ambao katika Kihindi husema "gāṛī", na kufanana kwake na neno la Kiingereza ni kwa sauti tu. Nimeisikia dhana ya kwamba ni neno moja ikirudiwa hata na watu wanaofundisha lugha, na nilifurahi kuiona ikizikwa kwa sentensi moja.

Faida ya kuanzia kwenye asili niliiona nilipofungua kamusi yangu usiku ule. Kamusi nyingi za wanafunzi hupanga maana za neno kwa namba, zile zinazotumika sana zikitangulia: bei, mashtaka, umeme, shambulio. Msomaji huziona kama watu wasiojuana waliokaa benchi moja wakisubiri feri. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, hufuata mpangilio wa kihistoria, maana kongwe ikitangulia na vizazi vyake vikifuata. Mwalimu anafundisha kwa mpangilio huo. Deni ni mzigo unaowekwa juu ya jina la mtu katika daftari la hesabu. Shtaka ni mzigo wa lawama anaotwikwa mtu mbele ya hakimu. Jukumu ni mzigo wa kazi, na anayekabidhiwa wodi ya hospitali au stoo ya kiwanda ndiye tunayemwita inchaji. Baruti ni mzigo wa bunduki, na umeme ni mzigo wa betri. Ukishaliona hilo huhitaji kukariri orodha, kwa kuwa kila maana mpya inakuja imebeba kitu, na swali la kujiuliza ni moja tu: ni nini kimepakiwa, na kimepakiwa juu ya nani?

Kipindi cha tatu kilitekwa na mwanafunzi. Mzee mmoja aliyetumikia majahazi ujanani mwake, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na kusema kidogo, aliinua mkono akasema: "Mwalimu, hiyo ni shehena." Akaeleza kwa utulivu, na sote tukageuka kumtazama. Kiswahili kimelipata neno shehena, pamoja na kitenzi sheheni, kutoka Kiarabu, na Waarabu leo hulitumia shina hilo hilo kwa kupakia meli na kwa kuchaji simu. Mzigo wa meli ni "shahna", na chaji ya betri ni "shahna" vilevile. Kisha akatukumbusha aya ya 41 ya sura ya Yasin, ambayo wengi mle chumbani wanaihifadhi tangu chuoni: "al-fulki l-mash-huun", jahazi lililosheheni. Mwalimu aliweka chaki chini. Kwa dakika chache hatukuwa tukijifunza lugha ya kigeni. Tulikuwa tukitambua kwamba neno la wapakiaji wa Gauli na neno la mabaharia wa Uarabuni, yote mawili yametoka kwenye mzigo wa chombo yakafika kwenye mzigo wa umeme. Nimehudhuria semina nyingi za kazi ambazo zilinigharimu zaidi na hazikunipa dakika kama zile.

Mwalimu aliijengea hoja ya mzee nyumba nzima. Iwapo Kiarabu na Kiingereza zimepita njia moja, alisema, tutazame Kiswahili kimepita wapi, na hapo akatuandikia vitenzi viwili, "toza" na "shtaki". "Toza" ni kauli ya kutendesha ya "toa", yaani kumfanya mtu atoe. Mwingereza anayedai bei humtazama mdaiwa kama mtu anayepakiwa kitu juu yake. Mswahili humtazama kama mkono unaofunguka na kutoa. Fedha ni zile zile, lakini mwendo ni kinyume: kule kitu kinapanda juu ya mtu, huku kitu kinamtoka. "Shtaki" nalo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kulalamika, kupeleka malalamiko kwa mwenye mamlaka. Mwingereza akishtaki anamtwika mwenzake. Sisi tukishtaki tunalia mbele ya kadhi. Hapa ndipo nilipofahamu kwa nini nilikosea katika barua ya jirani. Kiingereza kina neno moja kwa sababu kinaona tendo moja. Kiswahili kina maneno mawili kwa sababu kimeona matendo mawili, na mfasiri asiyejua kwamba anasimama kwenye njia panda atafuata ile aliyoizoea miguu yake. Miguu yangu imezoea njia ya hati za madai.

Tuna hata hivyo mahali ambapo Kiswahili na Kiingereza hukutana kabisa, nako ni kwenye twika. Tunasema mtu ametwikwa jukumu, amebebeshwa lawama, ametua mzigo. Na tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani mwalimu angeweza kufanya zaidi na msamiati huo, aliugusa akaupita.

Vipindi vya tano, sita na saba vilikuwa vya sheria, na kwa upande wangu hivyo pekee vinatosha kulipia ada yote. Mwalimu alituletea nakala ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na kutusomesha kifungu cha 49 na cha 50 sentensi kwa sentensi. Mtu aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au mwisho wa siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia nje ya wakati wa kazi. Na anapofika huko kwa mara ya kwanza, ni lazima afunguliwe mashtaka, au aelezwe kwa nini anaendelea kuzuiliwa, au aachiliwe. Kitenzi chetu kimo katika kifungu hicho, kikiwa katika hali ya kutendwa, na hakihusiani na senti hata moja. Kifungu cha 50 humpa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa maelezo ya kutosha ili aweze kulijibu, na haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika katika kesi.

Baada ya hapo aliandika ubaoni, moja chini ya nyingine, "released without charge" na "free of charge", akatutaka tueleze tofauti bila kutumia kamusi. Chumba kilinyamaza. Nilisimama nikaeleza yaliyompata jirani yangu, pamoja na bangili. Sikuwa nimekusudia kuyasema. Mwalimu hakunikemea wala hakunipoza, aliniuliza tu, "Wakili alipoandika 'charge', ni nini kilichokuwa hakikupakiwa, na juu ya nani?" Nilijibu kwamba ni lawama, juu ya kijana. "Na katika hati zako za bandarini?" Ni pesa, juu ya mwenye mzigo. "Basi wewe ulijua." Darasa likaandika tafsiri mbili: kuachiliwa bila kufunguliwa mashtaka; bila malipo. Ni mistari miwili tu katika daftari langu, na nimeipigia mstari kwa wino mwekundu.

Katika kipindi kilichofuata alitufungulia "discharge", ambalo ni kupakua, na hapa alifika mbali kuliko nilivyotarajia. Meli inapofika Kilindini hupakuliwa shehena yake, na hilo kwa Kiingereza ni "discharge". Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitalini ni neno hilo hilo, kana kwamba wodi imemshusha gatini. Bunduki inapofyatuka imetua mzigo wake. Lakini mahakamani neno hili lina mtego unaowapata hata wenye elimu. Chini ya kifungu cha 87 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, mwendesha mashtaka akiiondoa kesi, kwa idhini ya mahakama, kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa huachiliwa kwa neno "discharged", na kuachiliwa huko hakuzuii kushtakiwa tena baadaye kwa mambo yale yale. Kesi ikiondolewa baada ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, huachiliwa kwa neno jingine, "acquitted", na hapo amekwisha kuondolewa hatia. Kwa Kiswahili cha kila siku wote wawili wameachiliwa huru, wote wawili wanarudi nyumbani kula biriani. Mmoja ametuliwa mzigo chini, kando yake, na unaweza kunyanyuliwa ukarudishwa kichwani. Mwingine, mzigo wake umetupwa baharini. Hiyo mifano miwili ni ya mwalimu, na sijapata kuona mahali palipoeleza tofauti hiyo kwa watu wa kawaida kwa uwazi zaidi.

Kipindi cha umeme kilianzia Ngome ya Yesu. Mwalimu aliwataka wote wapite kwanza wakaangalie mizinga iliyopo pale, kisha akatuuliza inatiwaje tayari kabla ya kupigwa. Kiswahili kina neno lake kamili kwa hilo, kushindilia: baruti hutiwa mdomoni, ikasukumwa ndani kwa mti, kisha tonge la kuziba, kisha risasi. Kiasi kile cha baruti ndicho kilichoitwa "charge". Katikati ya karne ya 18 huko Ulaya palivumbuliwa chupa ya kuhifadhia umeme, iliyopewa jina la mji wa Leiden, na Benjamin Franklin kule Marekani alipokuwa akiichunguza chupa hiyo na kuandika barua kuhusu majaribio yake, alilitumia neno hilo hilo, "charge", kwa kuitia umeme. Alipoziunga chupa kadhaa pamoja, akaziita "battery", jina la safu ya mizinga. Kwa hiyo kila anayechomeka chaja ukutani usiku anatumia maneno ya wapiga mizinga. Ningelipenda kipindi hicho kiwe viwili. Nilipita ngomeni tena Jumamosi yake, nikasimama mbele ya mzinga mmoja kwa muda mrefu.

Kuhusu maana ya kushambulia, ile ya nyati anayemwendea mtu mbio, mwalimu alisema kwamba ilitokea katika karne ya 16, karibu na wakati ule ule neno lilipoanza kutumiwa kwa kutia silaha tayari, akaiacha hapo. Kilikuwa kipindi kifupi kilichokosa nguvu.

Dosari ya kweli ya mkondo huu ni mgawanyo wa wakati. Vipindi tisa vilikwenda kwa asili na maana, kimoja kwa mtihani, na viwili tu vikabaki kwa matumizi, ilhali matumizi ndiyo yanayotuumbua barua zinapotoka ofisini. Kitenzi hiki hubadili maana kwa kihusishi kinachokifuata. Kikifuatwa na "with" ni mashtaka au jukumu. Kikifuatwa na "for" ni bei ya kitu au huduma. Kikifuatwa na "to" ni kuandika deni katika hesabu ya fulani. Aliyezoea "accuse", linalofuatwa na "of", ataandika "charged of theft", na kosa hilo nimeliona katika barua zenye mihuri. Halafu kuna jozi ambayo ingestahili kipindi chake peke yake. Yaya akiwa "in charge of" mtoto, yaya ndiye msimamizi. Ikiongezwa "the" ndogo, mpangilio unapinduka: sasa mtoto ndiye anayetajwa kwanza, mtoto "in the charge of" yaya, yaani mtoto yuko chini ya uangalizi wa yaya. Darasa lilipewa dakika 20 kwa jozi hiyo, na tulipotoka nusu yetu tungali tukibishana ngazini nani anamlea nani. Nimemweleza mwalimu kwamba angepunguza kipindi kimoja cha historia, yaani kile cha nyati, na kukirudisha hapa. Alikubali kulifikiria.

Kuna pia suala la "chaji" ya kwetu, na katika hili sikubaliani naye kikamilifu. Mwalimu anashikilia kwamba kuchaji kwa maana ya kutia umeme kumekwisha kuwa Kiswahili na kusionewe haya, lakini kuchaji kwa maana ya kutoza ni uvivu. Kwa maandishi rasmi namuunga mkono. Kwa mazungumzo ya gengeni naona kwamba watu wamekwisha kupata tofauti ndogo ya maana. Anayesema ametozwa anasimulia tu. Anayesema amechajiwa mara nyingi anadokeza kwamba bei ilipandishwa kwa kuwa alionekana mgeni au ana haraka. Lugha inayopata tofauti ya namna hiyo haijazembea. Lakini kusema "amechajiwa mahakamani" kwa maana ya ameshtakiwa, kama nisikiavyo siku hizi, hapo nakubaliana naye bila shaka yoyote, kwa kuwa ni kurudi kwenye mtego ule uliomnasa jirani yangu.

Kwa anayetaka kujiunga, mambo ya kujua ni haya. Ada ya mkondo ni shilingi 3,000, na huweza kulipwa kipindi kwa kipindi. Makaratasi ya mazoezi ni nakala za nakala, na katika baadhi yake mstari wa chini umepotea kabisa. Beba kalamu uandike mwenyewe. Chumba kina feni moja, na wakati wa kaskazi joto ni kali mno hadi saa tatu za usiku. Umeme ukikatika masomo huendelea kwa taa ya simu. Kahawa huletwa na mwuzaji anayepita, mnalipa wenyewe. Anayeanza Kiingereza kabisa hatafaidika, kwa kuwa mwalimu hachukui muda kueleza sarufi ya mwanzo. Kwa karani, mkalimani, mwandishi wa habari, muuguzi, au yeyote ambaye watu humletea barua zao jioni ili awasomee, sijui darasa jingine hapa mjini ninaloweza kulipendekeza kwa moyo mweupe kama hili.

Barua ya jirani niliisoma upya usiku wa kipindi cha sita, nikiwa nimekaa naye kizingitini, neno kwa neno, Kiingereza kwanza kisha Kiswahili. Alinitaka niirudie sehemu ile mara mbili, kisha akauliza kama hapana tena siku ya kwenda mahakamani. Nikamwambia hapana. Bangili hatujazipata, sonara alikwisha kuziyeyusha.

Mkondo unaofuata unaanza mwezi ujao, na kitenzi ni "clear". Kwa sisi wa bandarini hilo ndilo neno la mkate wetu, na nimekwisha kulipia vipindi vyote 12.